Meza ya Mawasiliano: shajara ya makala ya kumkumbuka Nichelle Nichols

Agosti 2022. Kukubaliana

Nichelle Nichols, mwigizaji wa Luteni Uhura katika Star Trek, mfululizo wa televisheni kuhusu safari za chombo cha anga Enterprise, alifariki tarehe 30 Julai, Silver City, jimbo la New Mexico, akiwa na miaka 89. Msiba huu umetugusa sote kikundini, na baada ya kutumiana picha na vipande vya kumbukumbu tumeamua kuufanyia kazi: makala ya sauti kwa Kiswahili, sehemu tano, kila sehemu isizidi nusu saa. Mimi nashika muswada pamoja na shajara hii. Mwenzetu mmoja anahariri sauti, mwingine anahakiki majina na tarehe, na dada mwenye uzoefu wa kusoma taarifa redioni amekubali kusimulia.

Wasikilizaji tunaowalenga ni wa aina mbili. Wapo waliokua na Star Trek, hao hawahitaji kuelezwa Enterprise ni chombo gani. Wapo pia waliomjua Uhura kupitia filamu zilizoanza mwaka 2009, alipoigizwa na Zoe Saldaña, au kupitia mfululizo mpya ulioanza mwaka huu, ambamo Celia Rose Gooding anamwigiza akiwa binti wa Kenya anayeanza kazi. Hao wa pili nataka wajue nani alikalia kiti kile kabla ya wengine wote. Star Trek ilianza kuonyeshwa na NBC, Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, ikaishia 1969 baada ya misimu mitatu na vipindi 79. Nichols alikuwa Luteni Uhura, ofisa mawasiliano. Jina lenyewe msikilizaji wetu atalielewa kabla hatujafungua mdomo, kwa hiyo muswada umelipa sentensi moja tu.

Salamu za rambirambi zilizosambaa mwezi huu nimezisoma nyingi, na karibu zote zinarudia mambo matatu. La kwanza, Martin Luther King alimsihi asiache kazi. La pili, busu la Uhura na Kirk, kapteni wa Enterprise, la mwaka 1968. La tatu, mwigizaji Whoopi Goldberg alimwona kwenye televisheni akiwa mtoto, akapiga kelele nyumbani kwamba kuna mwanamke mweusi kwenye skrini na wala si mtumishi wa ndani. Yote matatu yataingia kwenye makala, nayapenda. Ila ukiyasoma yakifuatana unaona jambo: katika yote matatu Nichols ni mtu wa kuambiwa, kubusiwa na kutazamwa. Alifanya nini pale mezani, na alikifanya kwa namna gani, hakuna anayesema. Mwigizaji akifa, kitu cha kwanza cha kukumbuka ni uigizaji wake. Nimependekeza sehemu ya kwanza ianzie hapo, na wenzangu wamekubali.

Septemba 2022. Kutazama upya

Tumegawana misimu mitatu. Kwa kila kipindi ambacho Uhura anaonekana tunaandika mambo manne: amesema nini, mikono yake imefanya nini, nani amemjibu, na kamera ilikuwa imeelekea wapi. Safu ya mikono ndiyo inayojaa haraka kuliko zote.

Waandishi hawakumpa maneno mengi. Vipindi vingine anapata mstari mmoja wa kutangaza kwamba njia ya mawasiliano iko wazi, au kwamba chombo cha upande wa pili hakijibu, basi. Lakini mtazame wakati kamera imemlenga Kapteni Kirk na yeye yuko nyuma yake, nje kidogo ya umakini wa lenzi. Hakai bure. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena, anageuza kichwa kidogo kama aliyesikia kitu. Wapo waigizaji ambao, wasipokuwa na neno la kusema, wanangoja tu zamu yao. Nichols alikuwa kazini muda wote, na ndiyo maana chumba kile cha uongozaji kinaonekana kama mahali ambapo kuna kazi inayoendelea hata pale maboksi na taa zake zinapoonyesha umri.

Kuna vipindi tutakavyovitaja kwa majina katika sehemu ya kwanza. Katika "Balance of Terror", Desemba 1966, Kirk anamwamuru ahamie meza ya kuongoza njia katikati ya mapigano, naye anahama na kuendelea bila mtu yeyote kushangaa. Katika "Mirror, Mirror", Oktoba 1967, wanne kati ya mabaharia wa Enterprise wanajikuta kwenye ulimwengu mwingine ambamo chombo chao kinatawaliwa kwa kisu na hofu. Uhura ndiye anayelazimika kumvuta Sulu, mkuu wa usalama wa ulimwengu huo, asiangalie mitambo yake kwa wakati unaotakiwa, kisha kumzuia kwa jambia asimfuate. Uoga anauonyesha kwa Kirk peke yake, kabla ya kwenda. Mbele ya Sulu hautauona.

Kile ninachokipenda zaidi ni "Who Mourns for Adonais?", Septemba 1967. Mawasiliano yamezibwa. Uhura amelala chini ya meza yake na vifaa mkononi, anaunga saketi mpya. Anamwambia Spock, ofisa wa sayansi, kwamba hajafanya kazi ya aina hiyo kwa miaka, na kwamba ikikosewa kidogo mfumo mzima utaungua. Spock anamjibu kwamba hamfikirii mwingine anayeiweza zaidi yake, kisha anamwacha aendelee. Hakuna muziki wa kishujaa, hakuna anayempongeza. Mtaalamu anamwamini mtaalamu. Watu wanaosema Uhura alikuwa mpokea simu tu wa angani wapelekwe hapo kwanza.

Kumbukumbu ya kwanza kutoka nje ya kikundi imetufikia, na imetupa zaidi ya tulichoomba. Imetoka kwa mzee aliyewahi kuwa mwendeshaji wa redio melini. Ameeleza kwamba alimpenda Uhura kwa mkono wake wa sikioni. Ishara dhaifu, anasema, huwezi kuisikia huku unamtazama anayekuuliza. Unageuza uso, unakazia macho kitu kisichosogea, unabana kifaa sikioni, na mkono wa pili unauinua kidogo ili wenzako wanyamaze. Ukishaisikia hurukii kuitangaza; kwanza unahakikisha ni nani anayeita, ndipo unasema, tena kwa sauti isiyopanda, kwa sababu ukipandisha sauti chumba kizima kinapata hofu yako. Anasema alipomwona Nichols akifanya hayo yote kwa mpangilio ule ule, alimwona mwenzake wa kazi. Nimemwomba ayaseme mwenyewe, tumrekodi. Amekubali.

Jambo moja la kiufundi limetukwaza mapema: sauti za vipindi vyenyewe zina hakimiliki, na hatutaki kuchukua vya watu. Sehemu inayohusu sauti ya mwigizaji itabidi isimuliwe bila sauti yake kusikika. Mhariri wetu amesikitika, na mimi pia, ila imetulazimisha kuandika kwa uangalifu. Kila kitu tunachotaka msikilizaji akisikie, maneno ya msimulizi ndiyo yatakayokibeba.

Oktoba 2022. Mwimbaji

Sehemu ya pili: maisha kabla ya Enterprise. Alizaliwa Grace Dell Nichols tarehe 28 Desemba 1932, Robbins, Illinois, mji mdogo wa watu weusi karibu na Chicago. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani aliyechaguliwa kuwa meya wa mji huo. Alijifunza ballet, kisha akaimba na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton. Kwa hiyo alipofika mbele ya kamera za Gene Roddenberry, muundaji wa Star Trek, kwanza mwaka 1964 katika mfululizo wake wa awali uliohusu wanajeshi wa majini, hakuwa msichana aliyegunduliwa mtaani. Alikuwa msanii wa jukwaani mwenye miaka mingi ya safari.

Hilo linaonekana ukisikiliza. Pumzi yake ni ya mwimbaji: sentensi fupi za kijeshi anazisema mpaka mwisho bila kulegea. Na alipopewa nafasi ya kuimba ndani ya mfululizo, aliimba kweli. Katika "Charlie X" anamtania Spock kwa wimbo huku Spock mwenyewe akimpigia kinubi, kila mtu ukumbini anacheka, na hapo kijana Charlie, mwenye nguvu za ajabu na wivu wa kitoto, anamnyang'anya sauti. Katika "The Changeling" mashine iitwayo Nomad inamsikia akiimba, haielewi muziki ni kitu gani, inamchunguza akili na kumfutia kila alichojifunza. Vipindi viwili, na katika vyote wimbo wake unakatizwa na kitu chenye nguvu za ajabu. Sidhani kama waandishi walipanga iwe hivyo. Lakini mtu akishaliona, si rahisi kuacha kuliona, na tumeliweka katikati ya sehemu ya pili.

Ni katika "The Changeling" pia ambapo Uhura anapofundishwa upya kusoma na Muuguzi Chapel, Kiingereza kinampiga chenga, anakasirika, na anahamia Kiswahili. Kiswahili kinasikika pia katika kipindi cha kwanza kabisa kilichoonyeshwa, "The Man Trap", pale kiumbe chenye kubadili sura kinapomjia kwa umbo la mwanamume anayemvutia na kumsemesha kwa lugha hiyo. Msimulizi wetu aliuliza kama tuizungumzie lafudhi. Tumeamua hapana. Tumebaki na tukio: mwanamke aliyefutiwa kila kitu anarudi kwanza kwenye lugha ya nyumbani.

Kinachoniudhi katika kipindi hicho ni haraka yake. Mtu amepoteza maisha yake yote ya elimu, na wiki moja baadaye yuko kwenye ulimwengu wa visu akifanya kazi ya ujasusi, bila neno hata moja kuhusu yaliyompata. Angekuwa Kirk au Spock, wangempa kipindi kizima cha kupona.

Novemba 2022. King na busu

Sehemu hii imechukua mijadala mirefu kuliko zote, na bado ni fupi kwenye karatasi.

Kuhusu King: masimulizi yanatoka kwa Nichols mwenyewe, naye aliyarudia kwa miaka mingi kwa namna inayofanana. Mwishoni mwa msimu wa kwanza alimwambia Roddenberry anaondoka. Roddenberry akamwomba afikirie mwishoni mwa wiki. Katika hafla ya kuchangia NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akaambiwa kuna shabiki anataka kumwona, akageuka akamkuta Dkt. King. King akamweleza kwamba familia yake inautazama mfululizo ule, na aliposikia nia yake ya kuacha akamwambia hawezi, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu weusi wanaonekana kwenye televisheni jinsi wanavyopaswa kuonekana. Jumatatu akarudi kazini.

Karibu kila anayesimulia anaishia hapo, nasi tumekataa kuishia hapo. Kwa nini alitaka kuondoka? Alieleza hilo pia. Mistari yake ilikuwa ikikatwa. Rasimu ya kwanza ingekuja na nafasi nzuri kwa Uhura, ya mwisho ingebaki na neno moja au mawili. Alisimulia kwamba barua za mashabiki wake zilizuiliwa studioni zisimfikie, mpaka wafanyakazi wa chumba cha barua wenyewe wakamtonya. Na moyo wake ulikuwa Broadway, kwenye jukwaa la muziki alilolizoea. Ukiondoa sababu hizi unabaki na binti aliyekata tamaa akatiwa moyo na kiongozi. Ukizirudisha unampata mfanyakazi aliyejua thamani ya kazi yake, aliyeona inapunjwa, na bado akachagua kubaki akijua atakachokikosa. Kubaki kwake kulikuwa na gharama, na gharama hiyo aliilipa yeye.

Kuhusu busu: kipindi ni "Plato's Stepchildren", kilionyeshwa tarehe 22 Novemba 1968. Kirk na Uhura wanalazimishwa na viumbe wenye nguvu za akili. Mara nyingi huitwa busu la kwanza kati ya mweusi na mzungu katika televisheni ya Marekani. Mhakiki wetu ametaka tulegeze hilo, na ana haki. Uingereza tamthilia ya televisheni ilikwishaonyesha busu la namna hiyo mwaka 1962, na Marekani kwenyewe wanahistoria wa televisheni wanataja mifano ya kabla, kutegemea unavyohesabu shavu na mdomo, tamthilia na burudani. Tumeandika "moja ya mabusu ya kwanza" na kuweka muktadha ambao una uzito kuliko cheo cha kwanza: Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za kukataza ndoa kati ya rangi tofauti Juni 1967 tu, katika kesi ya Loving dhidi ya Virginia. Kati ya hukumu hiyo na busu hilo haukupita hata mwaka na nusu. Nichols alisimulia kwamba wakubwa walitaka lirekodiwe pia toleo lisilo na busu, na William Shatner, mwigizaji wa Kirk, akaliharibu kwa makusudi kwa kuyafanya macho yake makengeza mpaka halikuweza kutumika. Hapo tunamshukuru Shatner, naye atasifiwa kwa jina.

Ila nimeomba dakika moja ya ziada kwa ajili ya kile kinachotangulia busu. Uhura anasema anaogopa, na anamweleza Kirk kwamba mara nyingi alipoogopa pale kwenye chombo alimtazama yeye akifanya kazi, na hofu ikaisha. Msimulizi wetu alipousoma muhtasari wa tukio hilo kwa sauti, mazungumzo yalisimama kidogo.

Februari 2023. NASA

Hii ndiyo sehemu ya nne, na imekuwa ndefu mpaka mhariri anauliza kama igawanywe mara mbili. Nimekataa. Heri ya tatu ipunguzwe.

Mwaka 1975, Chicago, kwenye kongamano la mashabiki, Nichols alimsikiliza Jesco von Puttkamer, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, akizungumzia safari za anga. Kilichomkaa ni kwamba katika mpango ule mkubwa hakuwaona watu wake. Mpaka wakati huo Marekani ilikuwa haijampeleka angani mwanamke hata mmoja, wala Mmarekani mweusi. Septemba 1976 alikuwa Palmdale, California, pamoja na wenzake wa mfululizo, chombo cha kwanza cha majaribio cha aina ya shuttle, yaani chombo cha anga cha kutumika tena na tena, kilipotolewa hadharani kikiwa na jina Enterprise, jina lililopatikana kwa shinikizo la barua za mashabiki. Wengine wangepiga picha wakarudi nyumbani.

Mwaka 1977, kupitia kampuni yake, Women in Motion, aliingia mkataba na NASA kutafuta waombaji wa kazi ya uanaanga miongoni mwa wanawake na watu wa jamii zilizoachwa nje. Alizunguka nchi, akaenda vyuoni na kwenye mikutano ya wataalamu, akaenda kwenye televisheni. NASA walitengeneza filamu fupi ambamo anatembezwa kituo cha Houston na Alan Bean, mmoja wa waliotembea mwezini katika Apollo 12, naye anageukia kamera na kuwaita watu waombe. Waombaji walizidi 8,000. Januari 1978 yalitangazwa majina 35. Wanawake walikuwa sita: Sally Ride, Judith Resnik, Kathryn Sullivan, Anna Fisher, Rhea Seddon na Shannon Lucid. Wamarekani weusi walikuwa watatu: Guion Bluford, Ronald McNair na Frederick Gregory. Alikuwamo pia Ellison Onizuka, wa asili ya Japani.

Muswada unasema wazi kwamba Nichols hakuwachagua. NASA ilichagua, na hao watu walikuwa na shahada na ujuzi wao kabla hawajasikia jina lake. Wapo miongoni mwa mashabiki wanaotaka kumpa yote, na hiyo si heshima kwake wala kwa Sally Ride. Alichofanya ni kwenda kuwaita watu ambao kwa miaka yote walijua mlango ule si wao, na kuwashawishi kwamba safari hii wito ni wa kweli. Alikuwa na sifa ambayo hakuna ofisa wa NASA aliyekuwa nayo: watu walikwishamwona angani. Kila Alhamisi au Ijumaa usiku kwa misimu mitatu, na katika marudio yasiyoisha baada ya hapo, walikuwa wamemwona mwanamke mweusi akifanya kazi ya kitaalamu ndani ya chombo cha anga, vizuri, bila mtu kushangaa. Ndiyo maana nimeng'ang'ania sehemu ya kwanza iwe juu ya mikono yake pale mezani. Bila ile mikono, wito wa mwaka 1977 usingekuwa na uzito.

Juni 1983 Sally Ride alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani angani. Agosti mwaka huo huo akafuata Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza. Na tarehe 28 Januari 1986, shuttle ya Challenger ilipolipuka, Resnik, McNair na Onizuka walikuwa ndani, pamoja na kamanda Dick Scobee, naye wa kundi lile la 1978. Tumejadiliana kama jambo hili liwe kwenye makala ya kumkumbuka mwigizaji. Nimelitetea libaki. Waliitikia wito wa kazi ya kweli yenye hatari ya kweli, na kuwaacha nje kungefanya sehemu ya nne iwe tangazo la biashara.

Habari njema kwa mhariri: kazi za NASA kwa kawaida hazifungwi na hakimiliki. Ile filamu ya 1977 tunaweza kuitumia. Kwa hiyo msikilizaji atakayevumilia sehemu tatu bila kumsikia Nichols atamsikia hapa, kwa sauti yake mwenyewe, akifanya kazi aliyojipa mwenyewe. Mara hii upungufu wetu umetusaidia.

Juni 2023. Kumbukumbu za mashabiki

Rekodi zinaingia. Nyingi ni za simu, zenye upepo, feni na milango. Mhariri anazisafisha anavyoweza, na chache tumeomba zirudiwe. Maudhui ni mazuri kuliko nilivyotumaini. Mhandisi mmoja anasema alianza kupenda saketi kwa sababu ya lile tukio la chini ya meza. Mama mmoja anaeleza alivyokuwa akigombana na kaka zake katika mchezo wa Enterprise, kila mtu akitaka kuwa kapteni, yeye akataka kuwa Uhura kwa sababu Uhura ndiye aliyejua habari kabla ya kapteni. Hilo sikuwahi kuliwaza, na ni kweli kabisa.

Mzee wetu wa redio amerekodi. Ametumia dakika saba kueleza namna ya kusikiliza, na sitakata hata moja.

Tumeongeza pia, kwa msimulizi, watu wawili wa kumbukumbu ya umma. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani, Septemba 1992 katika shuttle ya Endeavour, alikuwa akianza zamu zake kwa kutamka ule mstari wa Uhura wa kufungua njia za mawasiliano. Mwaka uliofuata alionekana katika kipindi kimoja cha mfululizo wa baadaye wa Star Trek, na Nichols alikwenda kumtazama akirekodi. Na Whoopi Goldberg, yule mtoto wa kelele, alipokuwa nyota aliomba mwenyewe nafasi katika mfululizo huo huo, akaipata mwaka 1988.

Oktoba 2023. Tulichoacha

Sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu zimerekodiwa. Kasi ya msimulizi tumeipunguza kidogo katika ya tatu.

Kuhusu miaka ya mwisho, uamuzi umepita bila ubishi. Alipata kiharusi 2015, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Tunataja hayo kwa sentensi mbili. Migogoro ya watu wazima juu ya mali na matunzo yake hatuigusi. Si yetu, na yeye hakuwa na uwezo wa kujitetea. Badala yake tumeweka tukio la Septemba 2015, miezi michache baada ya kiharusi, alipopanda SOFIA, ndege ya NASA aina ya Boeing 747 iliyobeba darubini ya kutazama mionzi ya infraredi juu ya sehemu kubwa ya mvuke wa angahewa. Miaka 82, usiku kucha angani na wanasayansi. Mwanamke huyu alipona kidogo tu, akaenda tena kazini.

Januari 2024. Nyongeza

Tarehe 8 mwezi huu roketi ya Vulcan iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Cape Canaveral, Florida. Hatua yake ya juu imebeba vikasha vidogo zaidi ya 200 vya kumbukumbu, vyenye majivu au DNA, na sasa iko kwenye njia ya kulizunguka jua. Humo yumo Nichols, pamoja na Gene Roddenberry, mkewe Majel Barrett, James Doohan aliyekuwa mhandisi Scott, na DeForest Kelley aliyekuwa Dkt. McCoy.

Sehemu ya nne imebidi ifunguliwe tena. Tumeongeza dakika mbili mwishoni, na nimewasihi wenzangu tusiipambe. Msimulizi ataeleza roketi, tarehe, njia, nani yuko na nani. Watu waliofanya kazi chumba kimoja wamewekwa pamoja, na hilo linatosha bila muziki.

Machi 2024. Hali ilivyo

Sehemu nne zimekamilika. Ya tano iko kwa mhariri: mpangilio wa sauti umeshakubaliwa, mzee wa redio anafungua, mama wa mchezo wa Enterprise anafuata, waliobaki wanafuatana kwa urefu. Sauti mbili bado zina mwangwi unaosumbua na wenyewe wameahidi kurudia wakiwa kwenye chumba chenye mapazia.

Kilichobaki kwa upande wangu ni kuhakiki matamshi ya majina pamoja na msimulizi, hasa von Puttkamer na Onizuka, na kuandika utangulizi wa sekunde thelathini kwa kila sehemu ili atakayeanzia katikati asipotee. Sehemu ya kwanza itatoka tarehe 8 Septemba, zingine kila wiki baada ya hapo. Walioahidi kumbukumbu na hawajatuma, mwisho ni Mei. Anayetaka kusimulia tukio fulani la Uhura atutajie kipindi, ili mhakiki alitazame kabla hatujaliweka.